Steve Wright kuondolewa kipindi cha mchana Radio 2: wasikilizaji walilia nini hasa?

Ijumaa ya Julai 1, 2022, Steve Wright, mtangazaji wa redio wa Uingereza, akiwa hewani BBC Radio 2 aliwaambia wasikilizaji wake kwamba ifikapo mwisho wa Septemba hatakuwa tena na kipindi cha mchana. Hakusema amechoka, wala hakusema anastaafu. Alisema mkuu wa kituo, Helen Thomas, ambaye alimtaja kuwa ni rafiki yake, anataka kufanya kitu tofauti saa za mchana, na kwamba yeye aliyezikalia saa hizo kwa zaidi ya miaka ishirini hana cha kulalamikia. Alilisema kwa uchangamfu waliomzoea nao, kisha akaendelea na kazi.

Waliolalamika ni wasikilizaji. Jioni ile ile habari ilikuwa imeenea magazetini na mitandaoni, na kilio hakikwisha siku ile wala wiki ile. Kilirudi Septemba 30 alipoaga, kikarudi kwa nguvu zaidi Februari 2024 alipofariki dunia. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinamnyima mtu majibu mepesi. Mtangazaji alikuwa mkongwe kweli na kipenzi cha watu. Uongozi ulikuwa na hoja, tena hoja ya maana. Taratibu zilifuatwa vizuri kuliko ilivyo kawaida ya kazi hii. Hata hivyo hasira haikupoa. Ninavyoona mimi, hasira ile haikueleweka: ilisomwa kama kelele za watu wasiopenda mabadiliko, ilhali watu wale walikuwa wamesikia kuhusu wao wenyewe jambo ambalo hakuna aliyethubutu kuwaambia waziwazi.

Mtu na kipindi chake

Wright alizaliwa Greenwich, London, mwaka 1954. Alianza kutangaza 1976 katika kituo cha Radio 210 mjini Reading, akapita Radio Luxembourg, na 1980 akaingia BBC Radio 1. Mwaka uliofuata akaanzisha kipindi cha *Steve Wright in the Afternoon*. Kilidumu Radio 1 hadi 1993, kisha akahamishiwa kipindi cha asubuhi kwa muda mfupi, akaondoka 1995. Mwaka 1996 BBC ikamrudisha, safari hii Radio 2, kwa vipindi vya wikendi, na Julai 1999 akakabidhiwa tena mchana kwa jina lile lile la kipindi.

Hebu tupige hesabu. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1981, akimsikia Wright akitoka shule, alikuwa na miaka 56 mwaka 2022. Katikati hapo ameajiriwa, ameoa au kuolewa, amelea, pengine amezika wazazi. Sauti imebaki ile ile, saa za mchana zile zile. Ukitaka kuelewa ukubwa wa kilio, anzia kwenye hesabu hiyo kabla hujagusa kitu kingine.

Na kipindi chenyewe hakikuwa cha mtu mmoja aliyejifungia studioni na rundo la nyimbo. Wright ndiye anayesifiwa kwa kuwaletea Waingereza mtindo uliotoka Marekani, wa kujaza studio watu: wasaidizi wanaochomekea maneno, wahusika wa kubuni wanaopiga simu kulalamika, makofi, vicheko, jingo (vipande vifupi vya muziki vya kukitambulisha kipindi) zinazoingia na kutoka. Radio 2 alikuwa na Tim Smith na Janey Lee Grace pembeni yake kwa miaka mingi, na sauti za taarifa za barabarani zikawa nazo ni wanafamilia. Kulikuwa na vile vijitaarifa vyake, mambo madogo ya kushangaza kuhusu wanyama, watu maarufu au mwili wa binadamu, vinavyosomwa haraka haraka kimoja baada ya kingine. Havikuwa na uzito wowote. Vilikuwa vya kumwezesha mtu amwambie mwenzake jioni, "Leo nimesikia kwamba...," na mazungumzo yakaanzia hapo.

Anayesikiliza kama mtu wa kazi atagundua jambo jingine: wepesi ule ulikuwa na gharama. Wright alikuwa mtu wa maandalizi. Maneno yake baina ya nyimbo yalikuwa mafupi, yamepimwa, na alipoongea juu ya mwanzo wa wimbo alinyamaza pale pale mwimbaji anapofungua kinywa. Wanaodhani hiyo ni bahati wajaribu kuifanya saa tatu mfululizo, siku tano kwa wiki. Msikilizaji hajui jina la ufundi huo, lakini masikio yake yameuzoea, na ukiondoka anajua kuna kitu kimepungua hata kama hawezi kukitaja.

Saa zake zilianza saa nane mchana na kuishia saa kumi na moja jioni. Kipindi cha asubuhi ndicho chenye sifa na fedha nyingi, cha jioni kinabebwa na foleni za magari. Mchana ni wa wale ambao mikono yao ina kazi na macho yao hayako huru: dereva wa masafa marefu, fundi anayepaka rangi kuta za nyumba tupu, mzazi anayesubiri mtoto nje ya shule, anayemuuguza mgonjwa kitandani, mjane ambaye hakuna atakayepiga hodi kwake kabla ya magharibi. Kundi hili halibadilishi kituo ovyo. Likishafungua redio halihangaiki nayo tena, na ndiyo maana halionekani mpaka siku limeguswa.

Hoja ya uongozi, ambayo si ya kudharau

Leseni ya uendeshaji ya BBC ya wakati ule, ambayo si ile ya televisheni inayolipiwa na kaya, iliielekeza Radio 2 iwahudumie watu wenye umri wa zaidi ya miaka 35. Mstari huo unaonekana mdogo, lakini ndani yake kuna tatizo lisilokwisha. Aliyetimiza miaka 35 mwaka 1999, Wright alipokabidhiwa mchana, alizaliwa 1964. Aliyetimiza miaka 35 mwaka 2022 alizaliwa 1987, na muziki wa ujana wake ni ule wa baada ya mwaka 2000. Kila mwaka kundi jipya linaingia mlangoni. Kituo kisiposogea, baada ya miaka ishirini kitajikuta kinahudumia watu wa miaka 55 na kuendelea peke yao, na siku moja hao nao hawatakuwepo.

Kuna kipande cha historia ambacho waombolezaji wengi wa 2022 hawakukikumbuka, au hawakutaka kukikumbuka. Wright mwenyewe alipochukua mchana wa Radio 2 mwaka 1999, aliyekuwa amekalia kiti kile ni Ed Stewart, mtangazaji mkongwe aliyekuwa na saa hizo tangu 1991. Radio 2 ya wakati ule, chini ya Jim Moir, ilikuwa inajivua taswira ya kituo cha wazee, na Wright aliletwa kama sehemu ya mpango huo. Yaani aliyeliliwa kwa kuondolewa aliingia kwa njia hiyo hiyo. Wapo waliompenda Stewart, nao waliumia. Hawakuwa na simu za mkononi zenye intaneti za kuutangazia ulimwengu.

Tena aliyechaguliwa kumrithi hakuwa kijana wa kuokotwa. Scott Mills alikuwa na miaka 49 na alikuwa ametangaza Radio 1 tangu 1998, miaka 24. Waliokua naye walikuwa na kilio chao, kwa sababu naye alikuwa anawaacha. Alianza kipindi kipya cha mchana Radio 2 Jumatatu, Oktoba 31, 2022.

Kwa hiyo sikubaliani na waliosema kwamba uamuzi ule ulikuwa uonevu mtupu. Anayeongoza kituo cha namna hii lazima siku moja amwondoe mtu anayependwa, kwa sababu ukingoja mpaka asipendwe tena utakuwa umemwaibisha. Wala siwezi kusema kwamba BBC ilimtupa. Alipewa miezi mitatu ya kuaga. Alitangaza mwenyewe, kwa maneno yake, hewani. Alibakiziwa *Sunday Love Songs*, kipindi cha Jumapili asubuhi cha salamu za wapenzi, na Oktoba 2023 akaongezewa *Pick of the Pops*, kipindi cha nyimbo zilizotamba katika chati za miaka iliyopita. Katika kazi hii wengi huondolewa usiku mmoja, kadi ya kuingilia studio ikizimwa kabla hata hawajapata nafasi ya kusema kwaheri, kwa kuwa uongozi unaogopa watakachosema wakiwa hewani. Wright aliaminiwa akaachiwa kipaza sauti kwa wiki kumi na tatu, na hakuisaliti imani hiyo hata mara moja.

Wasikilizaji walisema nini

Sauti zilikuwa za aina nyingi, na kosa la kwanza la wachambuzi lilikuwa kuzikusanya zote kwenye kapu moja la "hasira".

Wapo walioapa kwamba hawatafungua tena Radio 2. Hawa ndio walionukuliwa sana, kwa sababu kiapo ni kichwa cha habari kizuri. Wapo waliouona ubaguzi wa umri. Mwaka ule walikuwa na mifano ya karibu: Vanessa Feltz aliondoka Julai, Paul O'Grady akaondoka Agosti akiwa hajafurahia mpango wa kugawana saa zake za Jumapili na mchekeshaji aliye mdogo kwake kwa miaka mingi. Kila mmoja alikuwa na mazingira yake, lakini kwa msikilizaji wa nyumbani ilikuwa picha moja: waliozeeka nasi wanatoka mmoja mmoja. Na wapo, tena si wachache, waliosema kipindi kilikuwa kimechakaa, vichekesho vilikuwa vya miaka ya themanini, na muda ulikuwa umefika. Hao hawakupewa nafasi kubwa, na ni haki kusema walikuwepo.

Kundi ninalolijali zaidi ni la nne. Hawa hawakudai chochote. Walisimulia. Mtu anaeleza kwamba alikuwa na kipindi hicho wakati anafanya kazi ya zamu iliyomchosha. Mwingine kwamba marehemu mumewe alikuwa akiwasha redio gereji kila mchana. Mwingine kwamba watoto wake walijifunza jingo zile kabla ya kujifunza kusoma. Ukiyasoma maneno ya namna hii kwa jicho la ofisini unatafuta pendekezo ndani yake na hulipati, kwa hiyo unayaweka pembeni. Lakini watu wale walikuwa wamekaa matanga. Matangani hakuna anayekuja na pendekezo. Mtu anakuja kusema alivyomjua aliyeondoka, anasikilizwa, na mwingine anaendelea. Kuwajibu kwa taarifa ya kurasa mbili kuhusu mustakabali wa kituo ni kutojua umeingia nyumba gani.

Kuna suala la fedha pia, nalo si dogo. Kaya ya Uingereza inayotazama televisheni ililipa pauni 159 mwaka 2022 kwa ajili ya BBC. Kwa redio peke yake hakuna malipo. Leseni ya redio ilifutwa mwaka 1971. Hata hivyo karibu kila anayesikiliza Radio 2 ana televisheni, kwa hiyo anajiona mwenye mali. Zaidi ya hapo, tangu Agosti 2020 wazee wa miaka 75 na kuendelea, ambao awali hawakulipa, walianza kulipa tena, isipokuwa wale wanaopata ruzuku ya pensheni kwa sababu ya kipato kidogo. Miaka miwili baadaye wazee hao hao wanaambiwa mchana wao unahitaji kitu tofauti. Mshahara wa Wright, zaidi ya pauni 400,000 kwa mwaka, ulikuwa hadharani kwa kuwa tangu 2017 BBC huchapisha malipo ya nyota wake wakubwa, na wapo waliosema fedha hizo zilikuwa nyingi mno. Lakini wengi wa waliochukia uamuzi hawakuiona hiyo kuwa hoja. Walikuwa wamelipia na walikuwa wanapata walicholipia.

"Kitu tofauti"

Narudi kwenye sababu iliyotolewa siku ile, kwa sababu naamini kisa kizima kimelala hapo. Kitu tofauti. Tofauti na nini?

Msikilizaji wa miaka 62 si mjinga. Anajua kipindi hakijaanguka. Anajua mtangazaji hajaugua, hajakashifiwa, hajaomba kupumzika. Akiambiwa kinatakiwa kitu tofauti, na akijua kwamba kilichopo ni kile anachokipenda yeye, anabaki na jibu moja tu: anayetakiwa kuwa tofauti ni msikilizaji. Kituo kinataka mtu mwingine akae mahali pake, mwenye miaka 40, mwenye kumbukumbu nyingine. Na hilo lilikuwa kweli! Ndiyo hoja yenyewe ya leseni na umri niliyoieleza hapo juu. Uongozi ulikuwa na sababu ya kweli na ya kutetewa, ukaificha nyuma ya maneno laini ili usimuumize mtu, na kwa kuificha ukamuacha kila mzee aigundue mwenyewe, peke yake, jikoni kwake, kama aibu.

Kumwambia mtu kwamba umri wake umepita mstari si jambo tamu. Ila kuna namna ya kulisema. Mkuu wa kituo angeweza kuingia hewani mwenyewe, akakaa na Wright mbele ya wasikilizaji, akasema: tunapaswa kuwapokea walio katika miaka ya thelathini na arobaini, tusipofanya hivyo kituo hiki hakitakuwepo kwa ajili ya watoto wenu, hiki ndicho tutakachowabakizia ninyi, na hiki tunakichukua. Watu wangekasirika. Lakini wangekasirika kama wanaoheshimiwa. Badala yake kazi ya kueleza ilibebeshwa mwathirika, na kwa kuwa Wright alikuwa mwungwana, aliibeba vizuri kiasi kwamba wengine wakasahau haikuwa yake.

Mfano wa Brian Matthew unasaidia hapa, japo kwake mambo yalikwenda vibaya zaidi. Alitangaza *Sounds of the 60s* kwenye Radio 2 tangu 1990. Mwishoni mwa 2016 alianguka na akawa nje ya studio. Januari 2017, akiwa na miaka 88, ilitangazwa kwamba hatarudi, kwa maelezo yaliyoonyesha kwamba pande zote zimekubaliana. Matthew akasema hadharani kwamba maelezo hayo ni upuuzi mtupu. Alikuwa tayari na alitaka kurudi. Wasikilizaji wakawaka, na mwishowe akarudishwa kwa kipindi kimoja cha kuaga, Februari 25, 2017. Alifariki Aprili mwaka huo. Kilichowakera watu pale kilikuwa zaidi ya mzee wa miaka 88 kupumzishwa. Walikerwa na kuambiwa kwamba mzee mwenyewe ameridhia.

Waliapa kuondoka. Je, waliondoka?

Usikilizaji wa redio Uingereza hupimwa na RAJAR, chombo cha pamoja cha BBC na vituo vya biashara kilichoanzishwa 1992, na matokeo hutoka kila robo mwaka. Katika robo ya kwanza ya 2023, yaani Januari hadi Machi, miezi kadhaa baada ya Wright kuuacha mchana, Radio 2 ilikuwa na wasikilizaji milioni 14.46 kwa wiki, bado kituo kikubwa kuliko vyote nchini. Mkuu yeyote angeiona namba hiyo akapumua. Robo iliyofuata ilisoma milioni 13.46. Milioni moja kamili chini.

Katikati ya namba hizo mbili kuna jina la Ken Bruce. Yeye alitangaza Radio 2 kabla ya adhuhuri kwa miaka 31 mfululizo. Januari 2023 alisema anaondoka, na hakuondolewa: aliamua mwenyewe kwenda Greatest Hits Radio, kituo cha biashara. Alitaka kumalizia mkataba wake mwishoni mwa Machi, BBC ikaamua kipindi chake cha mwisho kiwe Machi 3, naye akaweka wazi kwamba uamuzi huo wa tarehe haukuwa wake. Aprili 3 alikuwa hewani upande wa pili, akiwa na PopMaster yake, lile shindano la maswali ya muziki ambalo watu walisimamisha kazi kulisikiliza.

Ziweke habari hizi mbili pamoja. Kwa Wright kilio kilikuwa kikubwa lakini hapakuwa na pa kwenda, kwa sababu yeye mwenyewe alibaki kwenye kituo kile kile kila Jumapili. Kumkimbia Scott Mills saa nane mchana kungemaanisha kukaa kimya au kwenda kwa mgeni mwingine. Wengi walinung'unika na redio ikabaki imewashwa. Kwa Bruce palikuwa na anwani. Alihama na kipindi, na shindano, na karibu saa zile zile za asubuhi, na kilichotakiwa kwa msikilizaji ni kubadili masafa mara moja. Wengi wakabadili.

Nasema hivi kwa uangalifu, kwa sababu namba ya kituo kizima haielezi kila kilicho ndani yake, na sitadai kwamba kila aliyehama alikuwa amebeba kinyongo cha Wright. Ila ninaamini kuondolewa kwa Wright kulilegeza kitu ambacho Bruce alikuja kukivuta. Greatest Hits Radio tayari ilikuwa na Simon Mayo, aliyeondoka Radio 2 mwishoni mwa 2018. Msikilizaji aliyehama 2023 alikuta sebule imejaa watu anaowajua.

Kuhusu Mayo, nisiruke jambo moja. Mwaka 2018 Radio 2 ilimuunganisha na Jo Whiley katika kipindi chake cha jioni. Wasikilizaji hawakupenda, na waliokosa pa kutemea walimtemea Whiley, mwanamke ambaye naye ni mtangazaji wa miaka mingi na ambaye hakujiunganisha mwenyewe. Mayo alilazimika kulaani hadharani matusi aliyokuwa akitupiwa mwenzake. Hili ni doa la wasikilizaji, na halifutwi na mapenzi yao kwa mtangazaji. Anayeingia kwenye kiti hakumtoa aliyekuwepo. Hasira kwa uongozi ni halali. Kumfuata mtu mpya na kumtukana umri, jinsia au lafudhi yake ni uonevu, hata ukifanywa na bibi wa miaka sabini anayempenda Steve.

Februari 2024

Mwishoni mwa Desemba 2023 Wright alitajwa kwenye orodha ya nishani za mwaka mpya wa 2024, akapewa MBE kwa huduma yake kwa redio. Jumapili ya Februari 11 kipindi chake cha nyimbo za mapenzi, kilichorekodiwa mapema, kilisikika kikiwa na salamu za Siku ya Wapendanao. Siku iliyofuata alifariki, akiwa na miaka 69. Habari ilipotangazwa Jumanne jioni, Sara Cox alikuwa hewani Radio 2. Alilazimika kuongea na wasikilizaji huku analia, na hakujaribu kulificha hilo. Kwa maoni yangu zile dakika chache ziliwapa wasikilizaji kile walichokosa tangu Julai 2022: mtu wa ndani ya kituo akihuzunika pamoja nao, bila maelezo.

Kisha mashtaka yakafumuka. Baadhi ya waliomjua walisema kuondolewa mchana kulimuumiza kuliko alivyoonyesha, na mitandaoni wengi wakapiga hatua mbele: amekufa kwa kuvunjika moyo, na waliomvunja wanajulikana. Cheti cha kifo, kilipojulikana miezi michache baadaye, kilitaja kidonda cha tumbo kilichotoboka na maambukizi yaliyofuatia. Naamini kabisa kwamba aliumia. Mtu aliyeijenga kazi moja tangu 1981 haachi kuumia ikichukuliwa, hata akitabasamu. Lakini kutoka hapo mpaka kumbebesha mtu kifo ni umbali ambao hakuna anayepaswa kuuvuka kwa sababu tu ana uchungu. Helen Thomas alifanya uamuzi wa kituo. Unaweza kuupinga uamuzi, kama ninavyopinga namna ulivyoelezwa, bila kumwita muuaji.

Kipindi cha Jumapili kilibaki. Juni mwaka huo kilikabidhiwa kwa Michael Ball, na safari hii kelele zilikuwa chache. Kiti kilikuwa kimeachwa na kifo, na kifo hakihitaji kujieleza.

Wakati huo huo jambo jingine lilikuwa likiendelea. Februari 7, 2024, siku tano kabla ya Wright kufariki, BBC ilitangaza mpango wa vituo vipya vya kidijitali, na kimojawapo kingekuwa tawi la Radio 2 la muziki wa miaka ya hamsini, sitini na sabini. Kwa maneno mengine, wale waliofunguliwa mlango wa kutokea walikuwa wanajengewa chumba cha uani. Lakini kwa wakati huo walishakuwa na pa kukaa. Boom Radio, iliyoanzishwa Februari 2021 na watu wa redio wa siku nyingi kwa ajili ya kizazi kilichozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilikuwa inakua kwa kuwapokea hao hao, nayo ilipinga mpango wa BBC kwa nguvu zote. Ofcom, mdhibiti wa utangazaji, ilipima, na mwaka 2025 ikaikatalia BBC tawi hilo la Radio 2, kwa hoja kwamba lingeumiza vituo vya biashara ambavyo tayari vinawahudumia wasikilizaji wa umri huo.